Jinsi ya Kuchagua Pikipiki Iliyotumika kwa Safari Ndefu za Watu Wawili

Wanunuzi wengi wa pikipiki iliyotumika huanza na injini: ina ujazo gani, inakimbia kiasi gani, imetembea kilomita ngapi. Kwa mtu anayesafiri peke yake utaratibu huo haumdhuru sana. Pikipiki itakayobeba watu wawili na mizigo yao kwa saa sita au saba kwa siku, hata hivyo, inapaswa kuchaguliwa kuanzia kiti cha nyuma. Dereva ameshika usukani, anaiona barabara na anajua ni lini atakamata breki, kwa hiyo mwili wake hujiandaa kabla ya kila mtikisiko. Abiria hana lolote kati ya hayo, na ndiye anayechoka kwanza. Akishachoka yeye, safari imekwisha, hata kama injini iko salama salimini. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na uzito na kiti, unapita kwenye aina za pikipiki, kisha ndipo unaingia kwenye ukaguzi, majaribio ya barabarani na hati.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya uzito

Kila pikipiki ina uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji, unaojumlisha pikipiki yenyewe, petroli, watu na mizigo. Tarakimu hiyo imo kwenye kitabu cha mmiliki, na mara nyingi pia kwenye kibati au kibandiko kilicho kwenye fremu. Ukitoa humo uzito wa pikipiki ikiwa imejaa petroli na oili, kinachobaki ni uwezo wake wa kubeba. Wengi hushangaa kuona uwezo huo ulivyo mdogo, kwa maana pikipiki yenye umbo kubwa na sauti nzito inaweza kuwa imeruhusiwa kubeba kilo 200 tu, au pungufu ya hapo.

Tuchukue pikipiki yenye kilo 280 ikiwa imejaa petroli, na ambayo uzito wake wa juu ni kilo 480. Uwezo wake ni kilo 200. Dereva wa kilo 80 akivaa helmeti, koti lenye kinga, suruali yake, buti na glavu, anaongeza karibu kilo 9. Abiria wa kilo 65 naye anaongeza kiasi kama hicho, na hapo tayari mmefika kilo 163. Masanduku matatu, ikiwa hayakuhesabiwa kwenye uzito wa pikipiki, yanaweza kuwa na kilo 12 hadi 15 yakiwa matupu. Mnabakiwa na kilo zisizozidi 25 za nguo, vifaa, maji ya kunywa na makoti ya mvua. Zaidi ya hayo, masanduku yenyewe yana mipaka yake: kilo 10 kwa kila sanduku la pembeni ni jambo la kawaida, na la nyuma huruhusiwa pungufu ya hapo kwenye pikipiki nyingi. Kikomo hicho hubandikwa ndani ya kifuniko, mahali ambapo mmiliki huacha kupaangalia baada ya wiki ya kwanza.

Kikomo cha uzito hakikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mtengenezaji peke yake. Abiria huketi karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, na sanduku la nyuma hukaa nyuma ya ekseli, hivyo uzito huo karibu wote huangukia nyuma na ule wa sanduku huivuta pua ya pikipiki kuelekea juu. Ukizidisha, shokomzoba ya nyuma inazama, taa ya mbele inamulika vilele vya miti, usukani unakuwa mwepesi usio na uhakika, na tairi la nyuma linapata joto kuliko lilivyokusudiwa. Fanya hesabu hii kwa uzito halisi, wote wawili mkiwa juu ya mizani na mavazi yenu ya safari, kisha ondoa kwenye orodha yako kila pikipiki isiyotosha. Orodha itapungua haraka.

Hatua ya pili: abiria aketi, tena aketi kwa muda

Nenda na abiria wako unapokwenda kutazama pikipiki. Kununua bila yeye kuwapo, hata kama bei ni nzuri kiasi gani, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Avae mavazi ya safari na helmeti, wewe keti mbele huku miguu yako ikiwa imara chini, kisha yeye apande kama atakavyopanda safarini. Hapo hapo utajua mengi. Sanduku la nyuma pana humlazimisha abiria kuinua mguu juu sana ili kuupitisha kati ya mgongo wako na sanduku. Mwenye nyonga ngumu au miguu mifupi hatafurahia kufanya hivyo kila mnapotua kunywa chai.

Akishaketi, mtazame kwa ubavuni. Kama magoti yake yako juu ya nyonga, vikanyagio vyake viko juu mno, na hakuna kiti cha gharama kitakachoponya hilo, kwa sababu damu na misuli ya mapaja hulalamika kabla saa moja haijatimia. Pikipiki za mbio huwa hivi, nazo hazifai kwa kazi hii hata zikiwa na nguvu za kutosha. Magoti yakiwa sawa na nyonga au chini yake kidogo, endelea. Angalia kama kiti kinateremka kuelekea mbele. Kikiteremka, kila unapokamata breki abiria atakuja kukuegemea, na mikono yako ndiyo itakayobeba miili miwili. Kiti kizuri cha abiria ni kipana nyuma, kiko tambarare au kimeinuka kidogo mbele, na hakina mshono unaopita chini ya paja.

Povu la kiti huchoka kabla ya ngozi yake. Libonyeze kwa ngumi kwenye sehemu inayokaliwa: likizama mpaka ukahisi plastiki iliyo chini, kiti hicho kimekufa ingawa kinang'aa. Habari njema ni kwamba kiti hushonwa upya au hubadilishwa, ilhali umbali kati ya kiti na kikanyagio haubadilishwi kirahisi. Ndiyo maana mimi husamehe kiti kibovu na sisamehi kikanyagio kilichokaa vibaya.

Vishikio ni jambo linalodharauliwa. Reli iliyo pembeni ya nyonga humwezesha abiria kujizuia wakati wa kuongeza mwendo na kujisukuma nyuma wakati wa breki; mkanda unaopita katikati ya kiti, ambao baadhi ya pikipiki huwa nao badala ya reli, hausaidii kitu. Sanduku la nyuma lenye mto wa kuegemea humpa abiria utulivu mkubwa, ila mto huo usimsukume mbele hadi mkose nafasi kati yenu. Tazama pia ekzosi inapita wapi: kisigino cha buti kisiiguse, na moto wake usipande moja kwa moja kwenye mguu.

Aketi hapo dakika 20 au 30 huku mnazungumza na muuzaji. Kwa dakika mbili karibu kila kiti ni kizuri.

Wewe nawe jipime. Ukiwa na abiria na mizigo, mara nyingi pikipiki haiangukii mwendoni. Huanguka ikiwa imesimama, kwenye changarawe, kwenye mteremko wa maegesho, au pale abiria anapopanda kabla hujawa tayari. Usipoweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili, au angalau kwa sehemu ya mbele ya kila wayo kwa uthabiti, tafuta kiti kifupi zaidi au pikipiki nyingine. Jaribu pia kuirudisha nyuma kwa miguu na kuiinua kwenye stendi ya katikati bila msaada.

Hatua ya tatu: chagua kundi, kisha chagua pikipiki

Kundi la kwanza ni la pikipiki kubwa za anasa. Mfano wake mkuu ni Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa kama toleo la mwaka 1975 ikiwa na silinda nne na ujazo usiozidi sentimita za ujazo 1,000, ikapata silinda sita mwaka 1988 kwa jina la GL1500, na mwaka 2001 ikaja GL1800. Hakuna kiti cha abiria kinachokaribia hiki kwa raha, na zile za silinda sita huwa na gia ya kurudi nyuma inayokuokoa kwenye maegesho. Gharama ya raha hiyo ni uzito wa karibu kilo 400 au zaidi kwa hizo za silinda sita zilizotengenezwa kabla ya toleo jepesi la 2018. BMW K1600GTL, iliyoingia sokoni mwaka 2011, nayo ina silinda sita, zikiwa zimepangwa mstari mmoja. Harley-Davidson Electra Glide humfaa anayependa mwendo wa taratibu na injini inayovuta kuanzia mizunguko ya chini. Gurudumu lake huzungushwa na mkanda, usiohitaji oili.

Kundi la pili ndilo ninalolipendekeza kwa wengi: pikipiki za safari zenye kasi, uzito wake ukiwa takriban kilo 260 hadi 330. Humu mna Honda ST1100 na mrithi wake ST1300 aliyetoka mwaka 2002, Yamaha FJR1300 iliyoanza mwaka 2001, Kawasaki 1400GTR, na BMW R1200RT iliyoanza mwaka 2005. Zote hizi zina shafti (fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma) badala ya mnyororo, kioo kikubwa cha kukinga upepo, na nafasi ya masanduku iliyopangwa kiwandani. Zilinunuliwa zaidi na watu wa safari, si wa mbio, kwa hiyo nyingi zimetunzwa, na kwa umri wake sasa bei zimeshuka kuliko thamani ya kazi zinazoweza kufanya.

Kundi la tatu ni pikipiki ndefu za njia mchanganyiko, kama BMW R1200GS na Suzuki V-Strom. Abiria hupata nafasi nzuri ya magoti na safari ndefu ya springi (umbali inaoweza kubonyea), lakini urefu wa kiti huwatesa wafupi wote wawili. V-Strom 650, iliyoanza mwaka 2004, ni rahisi kutunza na haili petroli nyingi. Ikibeba watu wawili na masanduku yaliyojaa, hata hivyo, itakulazimu kupanga mapema kila unapotaka kupita lori. Kwa wanaotaka udogo bila mnyororo ipo Honda Deauville, yenye shafti na masanduku yaliyojengewa kwenye mwili wake.

Kuhusu mnyororo na shafti, tofauti yake kwa msafiri ni ya jioni zaidi kuliko ya mchana. Mnyororo unahitaji kupakwa oili kila kilomita 500 hadi 1,000, na mzigo wa watu wawili huuchakaza mapema. Shafti huhitaji oili yake kubadilishwa kwa vipindi vya kitabu, basi. Lakini shafti ikiharibika, ukarabati wake ni mzito, na ndiyo maana ukaguzi wake hapa chini usiuruke.

Hatua ya nne: usitishwe na kilomita, utishwe na miaka

Injini za pikipiki hizi ni kubwa na huzunguka polepole kwenye barabara kuu, kwa hiyo kilomita 100,000 kwa ST1300 au Gold Wing iliyotunzwa si habari ya kutisha. Kati ya pikipiki ya kilomita 70,000 yenye stakabadhi za kila huduma, na nyingine ya kilomita 9,000 iliyosimama stoo miaka kumi, mimi naichukua ya kwanza. Pikipiki iliyosimama huwa na sili zilizokauka, petroli iliyogeuka utomvu, maji yaliyoingia kwenye oili ya breki, na matairi magumu yenye vina (mifereji ya tairi) vya kuvutia macho.

Tarakimu za kilomita zithibitishwe na chuma na mpira. Mpira wa vikanyagio, vishikio vya usukani, ufunguo na ngozi ya kiti cha dereva huchakaa kwa utaratibu unaoeleweka. Kwa kazi yetu, tazama hasa mpira wa vikanyagio vya abiria: ukiwa umelika, pikipiki hiyo imebeba wawili kwa miaka, na shokomzoba ya nyuma ichunguzwe kwa makini maradufu.

Hatua ya tano: ukaguzi ikiwa imesimama

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta injini ikiwa ya baridi, kisha ukifika gusa kifuniko chake kwa nyuma ya kiganja kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, yawezekana ameiwasha ili kuficha ugumu wa kuwaka. Omba kurudi siku nyingine.

Ikiwa ya baridi, iwashe. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa dakika za kwanza si kitu. Oili kwenye kioo chake cha kuangalia kiwango isiwe na rangi ya maziwa. Uliza ni lini nafasi za valvu zilipimwa, na uone stakabadhi, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji kufungua plastiki nyingi na wamiliki wengi huiahirisha hadi siku ya kuuza.

Matairi yana lugha yake. Kwenye ubavu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka sita hulihesabii thamani yoyote, hata likiwa na vina. Karibu na vipimo vya tairi kuna namba ya uwezo wa mzigo; kwa mfano, tairi la nyuma la 180/55ZR17 lenye alama 73W linaruhusiwa kubeba kilo 365. Namba hiyo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mmiliki, kwani wapo wanaofunga tairi la bei nafuu lenye uwezo mdogo, na mzigo wa abiria ndio unaolifichua. Tairi la nyuma lililolika katikati hadi likawa bapa linakuambia pikipiki imetembea barabara kuu tu. Si dosari, ila litafanya usukani uwe mzito kwenye kona, na inabidi ulihesabu kama la kubadilisha.

Sasa ipandishe kwenye stendi ya katikati na mwenzako akandamize mkia ili gurudumu la mbele lining'inie. Zungusha usukani polepole kwa vidole viwili kutoka kona hadi kona. Ukihisi kijishimo pale katikati, mahali ambapo usukani unataka kutulia wenyewe, beringi za shingo zimelika. Kijishimo hicho ni kidogo sana, mara nyingine hukisikii kabisa ukiushika kwa mikono yote miwili, ndiyo maana nasema vidole viwili. Kisha shika shokomzoba za mbele kwa chini na uzivute mbele na nyuma. Pasiwe na mlio wala mchezo. Pitisha kidole kuzunguka mirija ya shokomzoba za mbele: utepe wa oili maana yake ni sili za kubadilishwa. Vizuizi vya usukani vilivyobonyea kwenye fremu ni ushahidi wa ajali ya mbele, hata kama plastiki zote ni mpya.

Geukia nyuma. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume kwa zamu. Kwenye pikipiki ya shafti mchezo mdogo mno unaweza kuvumilika, lakini mtikisiko unaosikika au oili iliyolowa kuzunguka sili ya kitovu ni beringi za gia ya mwisho (ile iliyo kwenye gurudumu la nyuma) zinazoaga. Kwa mnyororo, zungusha gurudumu na upime ulegevu sehemu kadhaa; ukikuta umekaza hapa na kulegea pale, mnyororo na sproketi zake vimekwisha kwa pamoja.

Shokomzoba ya nyuma ndiyo inayobeba abiria wako, na ndiyo inayochoka bila kelele. Kandamiza mkia kwa nguvu na uachie: unapaswa kurudi juu mara moja na kutulia. Ukiendelea kuruka, oili ya ndani imepoteza kazi, jambo la kawaida baada ya kilomita 50,000 au 60,000 za mizigo mizito. Pikipiki nyingi za kundi la pili zina kirungu cha kuongeza mkazo wa springi kwa mkono. Kizungushe mwanzo hadi mwisho na uone kama mkia unainuka. Kikizunguka bila kubadilisha kitu, kimevuja.

Inua kiti na umulike tochi fremu ya nyuma, hasa pale reki ya sanduku ilipofungwa. Nyufa huanzia kwenye maungio ya kuchomelea na kwenye matundu ya boliti, na rangi mbichi iliyopakwa mahali pamoja tu ni swali linalohitaji jibu. Hapo hapo utaona nyaya zilizoongezwa na wamiliki waliopita kwa ajili ya vishikio vya moto, chaja na simu za helmeti. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa selotepu ndizo zitakazowazimia taa usiku wa mvua. Pima betri: takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.5 ikizunguka kwa wastani. Ikibaki chini ya 13, mfumo wa kuchaji una hitilafu.

Breki hazihitaji maneno mengi. Unene wa chini unaoruhusiwa umechapwa kwenye diski yenyewe, upime. Oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili, na ikiwa ya rangi ya chai nzito haikubadilishwa. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki) iwake unapofungua swichi na izime baada ya mita chache za mwendo. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, kwa sababu huenda mtu ameifumba. Baadhi ya BMW za mwanzoni mwa miaka ya 2000, R1150RT ikiwamo, zina breki zinazosaidiwa na pampu ya umeme ambayo utaisikia ikinguruma ukigusa mpini. Breki hizo zina nguvu sana, lakini umeme ukikatika hubakiwa na uwezo mdogo, na matengenezo yake yanahitaji fundi anayezijua.

Hatua ya sita: barabarani, peke yako kisha wawili

Hakikisha kwanza kwamba bima inakuruhusu, kisha zunguka peke yako kwa dakika 15. Gia ziingie bila kugombana, hasa ya pili, na isichomoke ukiongeza mafuta. Ukiwa gia ya juu kwenye mwendo wa wastani, fungua mafuta yote ghafla: mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza, na kwa uzito wa wawili itateleza zaidi. Acha mwendo ushuke kutoka kilomita 90 hadi 60 kwa saa ukiwa umelegeza mikono bila kuiachia. Usukani ukitikisika, shaka iende kwenye tairi la mbele, usawazishaji wake, au zile beringi za shingo.

Kisha abiria apande, mwende angalau nusu saa, barabara kuu ikiwamo. Ongeza kwanza mkazo wa springi, la sivyo utaihukumu pikipiki kwa kosa la marekebisho. Geuza pikipiki barabarani kwa mzunguko mmoja wa polepole, simama na uondoke mlimani, pita matuta kwa mwendo wa kawaida na usikilize kama nyuma inagonga. Kwenye mwendo wa safari, sogeza kioo cha upepo juu na chini kama kinaruhusu, na abiria aseme helmeti yake inatulia wakati gani. Abiria kwa kawaida huketi juu zaidi ya dereva, kwa hiyo kioo kinachokupa wewe utulivu kamili kinaweza kumtupia yeye upepo wa kuvuruga, unaompiga kichwa huku na huku hadi shingo iume. Mkirudi, msikilize yeye kabla hujatoa maoni yako. Abiria wengi huficha maumivu yao kwa kuwaonea huruma madereva, wanapoona jinsi walivyoipenda pikipiki.

Hatua ya saba: hati, wito wa kiwanda na bei

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya hati ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Kwa pikipiki za kisasa huwa na herufi na tarakimu 17. Herufi zisizo na mpangilio, au chuma kilichosuguliwa, ni sababu ya kuondoka bila mjadala. Thibitisha kwamba muuzaji ndiye mmiliki na kwamba pikipiki haidaiwi mkopo. Kwa namba hiyo hiyo ulizia kama kuna wito wa kiwanda (mtengenezaji kuita pikipiki zirudishwe zirekebishwe) ambao haukutekelezwa. Si jambo la makaratasi tu: Juni 2014 BMW iliwataka wamiliki wa R1200RT za mwaka huo waache kuziendesha, kwa kuwa fimbo ya pistoni ya shokomzoba ya nyuma ingeweza kukatika. Funguo zote ziwepo, pamoja na za masanduku, maana ufunguo wenye chipu hutengenezwa upya kwa gharama kubwa.

Bei ijadiliwe kwa orodha. Andika matairi, mnyororo, oili ya breki, shokomzoba na kiti kwa gharama yake halisi kutoka kwa fundi wako, kisha mwoneshe muuzaji. Shokomzoba ndiyo usiisahau kwenye mjadala huo, kwa kuwa mwenye pikipiki amekwisha kuizoea na hataona tatizo lolote.

Kabla ya safari ya kwanza

Badilisha oili zote, ya injini, ya shafti na ya breki, hata kama umeambiwa ni mpya, ili uwe na tarehe unayoijua. Weka mkazo wa springi mkiwa wote wawili mmeketi na masanduku yamejaa: mkia uzame karibu theluthi moja ya safari yote ya springi. Jaza upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango cha watu wawili kilichoandikwa kwenye kitabu, ambacho kwa pikipiki nyingi kubwa ni karibu bar 2.9 kwa tairi la nyuma. Rekebisha taa ya mbele mkiwa bado mmeketi juu yake, mbele ya ukuta. Vitu vizito viingie kwenye masanduku ya pembeni, chini na kuelekea mbele, na sanduku la nyuma libaki na makoti ya mvua na glavu. Baada ya kilomita 100 za kwanza simama, shika masanduku na reki yake kwa mkono, ukaze upya boliti zilizolegea.